Nawezaje kupika chakula cha kueleweka siku za kazi bila kukimbizana na saa?

MamaZawadi_Kibamba – Jumatatu, saa 4:40 usiku

Wakuu habari za usiku. Naomba mnivumilie, maelezo yangu ni marefu kidogo.

Naishi Kibamba, kazi yangu ni Kariakoo, kwenye duka la vitambaa la jumla. Natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, daladala mpaka Kimara, halafu basi la mwendokasi mpaka kituo cha Gerezani. Jioni tunafunga saa kumi na mbili, na msongamano wa kituoni mnaujua wenyewe. Nikiwahi sana naingia nyumbani saa mbili usiku. Nina watoto wawili, Zawadi ana miaka tisa na mdogo wake minne. Mume wangu ni fundi umeme wa majumbani.

Mwezi wa nane mume wangu alikuwa anaumwa kichwa kisichoisha, akaenda kituo cha afya. Presha ikakutwa 168 kwa 104. Wakampima tena siku nyingine, bado iko juu. Akaanzishiwa dawa, na daktari akatukalisha wote wawili akatuambia tupunguze chumvi na mafuta, tuongeze mboga za majani, maharage na matunda. Nikaitikia kila kitu. Lakini kwenye daladala wakati wa kurudi nikaanza kuhesabu tunachokula kwa wiki: chipsi mayai, tambi za pakiti na kiungo chake, ugali na soseji za kukaanga, mkate na chai, chipsi tena. Vyote ni vitu vya dakika kumi. Sikumwambia mwenzangu nilichokuwa nahesabu, ila niliona aibu mpaka tukashuka.

Na sio kwamba sijui kupika. Nimekulia Muheza. Mama akitoka shamba mchana alikuwa anakaa juu ya mbuzi nyuma ya nyumba, anakuna nazi, mimi nimeshika kifumbu nasubiri kukamua. Kisamvu kimeshatwangwa kiko jikoni kinatokota. Hakuna aliyekuwa anauliza saa ngapi. Tukiitwa kula, tunakula.

Wiki iliyopita nikasema leo lazima tule maharage. Nikayabandika saa mbili na nusu usiku, sikuwa nimeyaloweka. Saa tatu na nusu nikayabonyeza, magumu. Saa nne, magumu. Nikaongeza maji, nikaongeza moto, nikawa nafunua na kufunika kila baada ya dakika tano kama vile kuyaangalia kutayaivisha. Saa tano kasoro nikatoka sebuleni, nikamkuta mdogo amelala kwenye mkeka na kijiko mkononi. Alikuwa amekwenda kukichukua mwenyewe kabatini ili awe tayari. Nilimbeba kumpeleka kitandani akiwa bado amekishika. Zawadi alishakula mkate mkavu akalala. Maharage tuliyala sisi wawili saa tano na nusu, bila hamu.

Swali langu ni hili. Ninyi mnaofanya kazi mbali na nyumbani, huo muda mnautoa wapi? Siombi mapishi ya haraka, hayo ndiyo yaliyonifikisha hapa. Nataka chakula kiive sawasawa, nipike nikiwa nimetulia, tukae tule wote wanne kabla watoto hawajalala. Nina jiko la gesi la mtungi wa kilo 6, jiko la mkaa, na friji ndogo yenye friza juu. Dada wa kazi hatuna. Watoto wanakaa kwa jirani mpaka baba yao arudi saa kumi na mbili.

---

NesiMstaafu_Moro – Jumanne, saa 1:15 asubuhi

Mwanangu Mama Zawadi, pole sana. Nimesoma habari ya huyo mtoto na kijiko chake nikasimama kwanza kufanya nilichokuwa nafanya.

Nianze na mzee wako, maana ndiko lilikoanzia. Dawa asiache hata akijisikia mzima. Chumvi, Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote vya siku nzima. Sasa chukua kile kipakiti kidogo cha kiungo kinachokaa ndani ya tambi, na vile vibonge vya mchuzi, na soseji: chumvi imejificha humo. Unaweza kupika bila kugusa kopo la chumvi ukawa umemlisha chumvi nyingi kuliko mimi ninayetia kwa mkono. Kwa hiyo la kwanza kuondoa ni vipakiti hivyo. Hilo halihitaji muda.

Maharage. Yachambue usiku, yaoshe, yaloweke kwa maji mengi mpaka kesho yake. Saa nane mpaka kumi na mbili zinatosha, ila kwa joto la Dar yakikaa zaidi ya hapo nje yanaanza kuchacha, basi yaweke kwenye friji. Maji ya kulowekea mwaga, weka mengine. Maharage mapya yaliyolowekwa yanaiva kwa saa moja au moja na nusu. Ya zamani hata ukiyaloweka yanakaidi, na nadhani ndicho kilichokupata, kwa hiyo badilisha unakonunua.

Usikimbilie magadi. Yanalainisha, ndiyo, lakini yanaua vitamini B1 iliyomo kwenye maharage, na yana sodiamu ileile tunayomwepusha nayo mzee kwenye chumvi.

Na kisamvu, kwa sababu umekitaja: kile kisiharakishwe hata siku moja. Majani ya muhogo yana sianidi. Kinachoitoa ni kutwanga kwelikweli na kuchemsha kwa muda mrefu bila kufunika sufuria, mvuke utoke. Mama yako hakuwa anapoteza mchana wake pale jikoni, alikuwa anawatolea sumu. Kama huna saa nzima, pika mchicha au matembele. Osha kabla ya kukata, usioshe baada ya kukata, na usichemshe ukamwaga maji.

---

Seremala_Buguruni – Jumanne, saa 6:50 mchana

Dada yangu, nimesoma mara mbili, na kuna sentensi umeiweka mwisho kabisa kama kitu kidogo: shemeji anarudi saa kumi na mbili. Wewe unaingia saa mbili. Hapo kati kuna saa mbili nzima, na hizo ndizo ulizokuwa unazitafuta.

Naongea kama mwanaume. Mke wangu anafanya kazi za zamu hospitali. Miaka mitatu ya kwanza nilikuwa namsubiri arudi usiku, amechoka, ndipo aanze kupika, na mimi nimekaa natazama mpira nikimuuliza chakula vipi. Hakuna aliyenikataza kupika. Ni kwamba hakuna aliyenifundisha, na mimi sikuuliza. Siku moja alirudi akakaa kwenye ngazi za nje, akashindwa kuingia ndani kwa uchovu. Nikamwambia niambie tu nianze na nini, nitafanya. Alinielekeza akiwa amekaa palepale nje, mimi naingia na kutoka: vitunguu vimeiva? bado, mpaka viwe rangi ya dhahabu. Nyanya sasa. Funika. Tulikula ugali na dagaa wa Mwanza. Walikuwa na mchanga, kwa sababu sikujua kwamba wanaoshwa kwa maji ya moto na kutolewa vichwa. Sasa hivi najua, na napika siku nne kwa wiki.

Presha ni yake. Usimpikie kama mgonjwa aliyelala. Ni fundi, mikono yake inafanya kazi ngumu kuliko kubandika sufuria. Akibandika maharage yaliyolowekwa saa kumi na mbili na robo, wewe ukifika saa mbili yameiva, unaunga tu.

---

BiKisauni – Jumanne, saa 3:20 usiku

Salaam aleikum jamani. Dadangu wa Kibamba, huku Mombasa na mimi niko kwenye mambo hayohayo, nafanya kazi Changamwe nakaa Kisauni, navuka daraja la Nyali kila siku.

Mimi kilichoniokoa ni kikapu. Jiko la kikapu, labda huko kwenu mwalijua pia. Lile langu nililifanya kwa mkono: nilinunua kapu kubwa la ukindu, nikalitandika ndani blanketi kuukuu kukunjwa mara mbili, nikashona mito miwili ya kanga nikaijaza vitambaa nilivyokatakata, mmoja wa chini na mmoja wa juu. Kati nimeacha tundu la sufuria yangu, liikamate barabara, pasibaki nafasi ya hewa. Mbaazi zangu nazirowesha usiku. Alfajiri zachemka dakika kumi na tano nikivaa na kumtengeneza mtoto wa skuli, kisha naipua sufuria na kifuniko chake, naitia kapuni, mto juu, nafunga na leso. Natoka. Nikirudi magharibi naifungua, mvuke bado wanipiga usoni. Mbaazi zimelainika pasi na kupondeka, nzima nzima. Hapo natia tui, kitunguu, pilipili mbichi moja nzima isipasuliwe, moto mdogo nusu saa, basi.

Gesi yangu yapungua kidogo sana. Na ile nusu saa ya tui siifanyi mbio, nakaa papo hapo mekoni na kigoda changu, wanangu wawili wanisomee walichoandika skuli. Sufuria yenyewe haihitaji niisimamie, lakini nimeizoea hiyo nusu saa, sitaki kuiacha.

---

NesiMstaafu_Moro – Jumanne, saa 3:55 usiku

Bi Kisauni, kikapu ni kitu kizuri sana, tulikuwa tunawafundisha akina mama kliniki miaka ya nyuma. Naomba tu nirekebishe kitu kimoja kwa ajili ya Mama Zawadi anayeanza. Maharage, hasa yale mekundu, yana sumu ya asili inayoitwa lektini. Inakufa kwa maji yanayochemka kwelikweli, haifi kwa joto la vuguvugu, na kikapuni joto linashuka kadiri saa zinavyokwenda. Kwa hiyo kabla ya kuyaingiza kikapuni yachemke kwa moto mkali nusu saa kamili, sio robo. Ukirudi jioni yarudishe motoni yachemke tena kabla ya kuunga. Chakula kilichokaa vuguvugu mchana kutwa usikiamini bila kukichemsha.

---

Mgeni_wa_Jiji – Jumatano, saa 4:05 asubuhi

Wakuu, mbona mnajitesa? Mama ntilie wapo kila kona, wali maharage mboga za majani, bei ya kawaida. Mtu umechoka, nunua ule ulale.

---

MamaLishe_Ubungo – Jumatano, saa 9:30 alasiri

Kaka Mgeni, mimi ndiye huyo mama ntilie unayemsema, naomba nikujibu kwa heshima. Chakula changu ni safi na nakipika kwa moyo, lakini napikia watu sitini. Chumvi naweka inayowaridhisha wabeba mizigo wanaotoka jasho tangu asubuhi. Mafuta naweka ya kufanya mchuzi ung'ae, maana usipong'aa mteja anakwenda meza ya jirani. Mtu wa presha akila kwangu kila siku simtendei haki.

Ila Mama Zawadi, kuna njia ya katikati. Maharage yangu nayabandika kwa mkaa saa tisa usiku. Yakishaiva, kabla sijayaunga na kabla sijatia chumvi, wapo wateja wangu watatu nawatolea bakuli zao. Wananiletea vyombo jana yake, wanapitia wakitoka kazini wakaunge wenyewe nyumbani wanavyotaka. Ongea na mama lishe wa hapo kwenu, hatakataa. Anachotaka ni kujua mapema ili aongeze kipimo, na wewe umwombe ayatoe mara yanapoiva, yakae kwenye hotipoti au friji, yasikae kwenye ndoo mpaka jioni.

Pia wapo wanaouza maharage ya kuchemsha kwa kikombe magengeni jioni. Sijui kama Kibamba wapo, Ubungo na Manzese ni wengi. Uliza tu yamechemshwa saa ngapi.

---

MamaZawadi_Kibamba – Jumatano, saa 4:10 usiku

Shikamoo mama yangu wa Morogoro. Asanteni wote, nimesoma nikiwa kwenye mwendokasi nimesimama, nikasahau kushuka Kimara nikapelekwa mpaka mwisho wa gari.

Kaka Seremala, maneno yako yaliniuma kwanza, sitaficha. Nilitaka kukujibu kwamba mume wangu ni mtu mzuri na anachoka. Halafu nikajiuliza kama nimewahi kumwomba. Sijawahi. Miaka kumi na moja ya ndoa sijawahi kumwambia niwekee sufuria motoni. Naogopa ataona namshusha. Nitaongea naye Jumapili, siku nyingine hatuonani tukiwa macho vizuri.

---

NesiMstaafu_Moro – Alhamisi, saa 12:40 asubuhi

Marahaba mwanangu. Usiongee naye ukiwa umekaa naye kama kikao. Mpe ungo wa maharage achambue, maneno yatafuata.

---

MamaZawadi_Kibamba – Jumapili, wiki mbili baadaye, saa 3:15 usiku

Wakuu nimerudi. Niliahidi moyoni kwamba nitaleta majibu.

Jumapili ile ya kwanza baada ya kanisa nilitandika mkeka barazani, nikamwaga kilo mbili za maharage kwenye ungo mkubwa. Sikumwita mtu. Nikaanza kuchambua. Mdogo akaja, kisha Zawadi, kisha baba yao akavuta kigoda. Tulichambua kama dakika arobaini, kazi ambayo mimi peke yangu naimaliza kwa kumi. Mdogo alikuwa anaokota jiwe moja moja analileta kunionyesha, mengine yalikuwa maharage mazima kabisa lakini madogo, nikawa nayapokea tu. Hapo ndipo nilipomwambia mwenzangu kuhusu daladala ile, nilivyokuwa nahesabu chipsi. Akasema na yeye alikuwa anahesabu. Alikuwa anahesabu za mchana pia, ambazo mimi sizijui.

Tumekubaliana hivi. Maharage tunaloweka Jumamosi usiku, Jumapili tunachemsha yote kwa mkaa bila chumvi, yakipoa kidogo nagawa kwenye vibakuli vitano, kimoja kwenye friji, vinne kwenye friza. Siku za kazi yeye akirudi saa kumi na mbili anatoa kibakuli, anakata vitunguu, nyanya, karoti, anaunga kwa kijiko kimoja cha mafuta, na anayachemsha vizuri. Ugali nasonga mimi nikifika, kwa sababu wa kwake bado una mabonge na hataki watoto wauone. Mchicha ananunua Zawadi gengeni, anauosha ukiwa mzima, kama mama wa Morogoro alivyosema. Jumatatu ya kwanza nilifika saa mbili na dakika tano nikasikia harufu ya kitunguu kabla sijafungua geti. Nilisimama pale nje kidogo nikiwa na mkoba begani.

Haikwenda sawa siku zote. Alhamisi umeme ulikatika, naye alikuwa kwa mteja mpaka saa tatu, tukala mkate na parachichi. Jumanne ya pili aliunguza vitunguu akaanza upya. Na chumvi ni vita. Siku tatu za kwanza alikula kimya, ya nne akasema wazi kwamba chakula hakina ladha. Nikakata ndimu nikamkamulia juu, nikaongeza kitunguu saumu kilichopondwa na pilipili manga, akala akamaliza. Sasa ndimu inakaa mezani mahali kilipokuwa kikopo cha chumvi.

Jana tulipika kisamvu. Jumamosi nzima ilikuwa yake. Kilikuwa kimeshasagwa sokoni, lakini nilikichemsha bila kufunika zaidi ya saa moja, nikamtuma mume wangu akakune nazi. Mbuzi ya mama niliyotoka nayo Muheza ilikuwa chini ya kitanda miaka yote hii, meno yameshika kutu, akayapiga msasa kwanza. Alipokaa juu yake jirani alipita akamwangalia akasalimia akaenda zake. Yeye aliendelea kukuna. Tui sikulitia lote, nilitia kidogo kwa ajili ya presha, na karanga za kutwanga. Tulikula saa nane mchana, wote wanne. Mdogo alikula na kijiko kilekile chenye mpini wa bluu, akaomba kuongezewa.

Presha anakwenda kupimwa tena mwisho wa mwezi, dawa anameza kila asubuhi.

Bi Kisauni, kapu nimeshanunua, na blanketi ninalo. Nataka kuanza na choroko, maana watoto wamechoka maharage. Choroko nazo zinalowekwa usiku kucha?

---

BiKisauni – Jumapili, saa 3:50 usiku

Hapana dadangu, choroko ni nyepesi. Ukizirowesha usiku kucha kwa joto hili zitaanza kuota mkia. Saa mbili tatu zatosha, kwa hiyo ziroweshe jioni, kisha zilale ndani ya friji zikiwa zimechujwa. Alfajiri zichemshe kama alivyosema mama wa Morogoro, zitie kapuni. Na sufuria ijae, usitie choroko kidogo kwenye sufuria kubwa, joto litakimbia.

Kaza mito pembeni, hapo ndipo wengi hukosea.